Carthage haikumwagiwa chumvi

Jamani hii stori kwamba Warumi walivyoiteka Carthage, mji wa kale wa Afrika Kaskazini, mwaka 146 KK walimwaga chumvi mashambani ili kusiote kitu, tuiache. Appian, mwanahistoria wa kale, kaeleza vizuri tu mji ulivyoungua, watu wanapigana nyumba kwa nyumba mpaka juu ya mapaa, na kama elfu 50 waliojisalimisha kwa Scipio, jenerali wa Warumi, wakaishia utumwani, ila chumvi hakuna mwandishi wa kale hata mmoja aliyeitaja, imeongezwa karne za karibuni. Na ardhi yenyewe, Tunisia ya leo, ndo ikaja kuilisha Roma ngano miaka na miaka, sasa chumvi ya nini? Kinachoniuma zaidi ni Corinth kule Ugiriki, mwaka huohuo jenerali mwingine wa Warumi, Mummius, kaibomoa, wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakauzwa, na hiyo watu wachache sana wanaizungumzia.