Letusi nyekundu haiongezi damu, na mengine yanayosemwa bustanini

"Ni nyekundu, kwa hiyo inaongeza damu." Hii ndiyo inayosemwa kuliko zote. Wekundu wa jani ni anthosiyanini, jamii ileile ya rangi iliyomo kwenye choya, wala si madini ya chuma. Gramu 100 za letusi nyekundu mbichi zina chuma takriban miligramu 1.2, ilhali mchicha wa kawaida, wa kijani kabisa, una karibu mara mbili ya hapo. Letusi yenyewe asilimia 95 ni maji. Uile kwa utamu wake. Mwenye upungufu wa damu aende hospitali.

"Wekundu ukififia, ongeza mbolea." Hapa ndipo bustani nyingi zinapoharibika. Mmea hutengeneza rangi hiyo kujikinga na mwanga mkali, na usiku wa baridi huikoleza. Ndiyo maana mbegu ileile ikipandwa Lushoto au Limuru hutoka rangi ya damu ya mzee, na ikipandwa Tanga chini ya mwembe hubaki kijani, yenye wekundu hafifu pembezoni. Ukimwaga urea, naitrojeni itasukuma majani mapya laini, tena ya kijani zaidi. Kinachotakiwa ni jua la saa sita hivi kwa siku. Wa pwani achague la asubuhi, aweke kivuli mchana, na akubali rangi isiyokolea sana. Jani hilo bado ni zuri.

"Haikuota, nimeuziwa mbegu feki." Labda. Lakini udongo ukizidi nyuzi joto 28 hivi, mbegu nyingi za letusi hulala tu bila kufa. Zinapenda nyuzi 15 hadi 20. Zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, uziweke chini kwenye friji siku moja au mbili, kisha uzisie jioni kwenye kitalu kilicho kivulini. Usizifukie sana: nusu sentimita inatosha, hata pungufu, kwani mbegu nyingi za letusi huota vizuri zikipata mwanga. Kwa Dar es Salaam au Mombasa, jaribu kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi ukivuma.

"Samadi mbichi ndiyo yenye nguvu." Nguvu ya kuumiza tumbo, pengine. Jani hili linagusa udongo na huliwa bila kupikwa. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 tangu samadi mbichi ichanganywe na udongo hadi kuvuna mazao ya aina hii, na letusi ya majani huwa tayari siku 45 hadi 55 tu baada ya kusia. Hesabu haikubali. Tumia mboji iliyoiva.

"Uchungu ni ugonjwa." Si ugonjwa. Joto likizidi, mmea hurefusha shina ili utoe maua, na utomvu mweupe wenye uchungu huongezeka. Ukishaanza hauzuiliki kwa maji wala kwa dawa. Vuna yote siku hiyohiyo.

"Kuvuna ni kung'oa." Chuma majani ya nje, acha kitovu cha katikati. Shina moja litakulisha wiki kadhaa.