Tiba shufaa ni nini, na "mrudisheni nyumbani" ina maana gani

Hapa kwetu Unguja ukitaja "shufaa" akili za watu zinakwenda moja kwa moja kwenye shafaa ya Mtume siku ya kiama, sasa mgonjwa akiambiwa ataingizwa kwenye tiba shufaa jamaa wanatizamana, mwengine keshaanza kuuliza sanda iko wapi. Wala sio hivyo.

Tiba shufaa ni matibabu ya kumpunguzia mtu mateso akiwa na maradhi mazito, saratani, moyo, figo, kiharusi, hata kama maradhi yenyewe hayaondoki. Wanaoifanya kila siku wanataka kujua kalala? kapata choo? pumzi inapanda vizuri? kitu gani kinamuogopesha? Na si lazima uwe umeshafika ukingoni, mtu anaweza kuanza siku ile ile aliyoambiwa ana saratani huku anaendelea na mionzi na dawa zake nyengine.

Hii habari ilipangwa vizuri Uingereza na Cicely Saunders, alianza nesi kisha akasomea udaktari, akafungua St Christopher's Hospice kule London mwaka 1967. Yeye alisema maumivu ya mgonjwa hayako mwilini peke yake, yako moyoni, yako kwenye mambo ya familia na pesa, na yako kwenye imani yake. Mzee wa Kizanzibari anaelewa hapo hapo, maana mtu anaweza kuwa anaugua mgongo na kumbe kinachomkosesha usingizi ni deni la dukani.

Huku kwetu Afrika Mashariki, Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na Uganda ikajulikana kwa morfini ya maji, ya kunywa, ambayo mgonjwa anatumia kwake bila sindano. Hapa sasa ndo pana kelele, kwa sababu ukisema morfini visiwani watu wanafikiria vijana wa unga. Ni kweli dawa hizo ni za ukoo mmoja lakini morfini ya maumivu inapimwa na daktari, inaanza kidogo, kila baada ya masaa 4 hivi, inapandishwa polepole mpaka maumivu yatulie, na ikitumika hivyo haimfanyi teja wala haimharakishi kufa. Inafunga choo lakini, muombeni daktari na dawa ya choo kabisa. Na yule anayesema "maumivu yanafuta madhambi, muwacheni avumilie", anayeugua sio yeye msemaji, kutafuta dawa pia tumeamrishwa, na mtu anayepiga kelele usiku kucha hata rakaa mbili za kitandani zinamshinda.

Haya, "mrudisheni nyumbani", wanavyoambiwa jamaa spitali, si kwamba mgonjwa katupwa. Bi mkubwa mmoja mtaani kwetu alirudishwa kutoka spitali na karatasi ya dawa za kutuliza tu, wanawe wakaona mama katupwa, hakuna aliyekaa nao dakika kumi akawaeleza. Wakawa wanamlazimisha uji kwa kijiko, anapaliwa, wanalia, wanaendelea. Mpaka nesi mstaafu jirani akaja akawaambia wanangu mwili ukianza kufunga hautaki chakula, si kwamba anakufa njaa, mroweshee midomo kwa pamba, mgeuzeni ubavu kila masaa mawili asichubuke, na zile pumzi za kukoroma koo likijaa mate mlazeni upande, zinatutisha sie tunaosikia kuliko yeye. Mikono na miguu itakuwa baridi, atalala sana, pumzi itakatika kisha irudi. Na msijadili mirathi kichwani kwake mkidhani hasikii! Mzungumzisheni, msomeeni Yasini, shahada mtamlakinia, yaani mumtamkie aifuatishe, kwa upole sio kumpigia makelele.

Nesi akawatafutia na daktari wa kuwapandishia dawa. Hapo ndo nilipoelewa kwa nini hii tiba inamsaidia mtu pia kujitayarisha na kifo. Wasia una mipaka yake kwetu, hauzidi theluthi na mrithi hausiwi, na madeni yanalipwa kabla ya wasia na kabla ya mirathi, lakini yote hayo yanataka mtu ambaye bado hajakata kauli na kichwa chake kimetulia, na maumivu hayampi nafasi hiyo.

Yule bi mkubwa siku ya tatu alilala usiku mzima. Alfajiri akamwita binti yake, akamwambia bangili zilizomo kwenye bweta si zangu, amana ya shoga yangu wa Wete, mpelekeeni.