Picha za Watu kwa Kamera ya Filamu: Dhana Potofu na Ukweli

Anayeanza kupiga picha za watu kwa kamera ya filamu hapa Arusha au Moshi hupokea ushauri mwingi, na sehemu kubwa ya ushauri huo huhusu vifaa: lenzi gani anunue, filamu gani aagize, kamera ipi ina jina. Mimi naamini kwamba picha ya mtu huamuliwa zaidi na mwanga unaoangukia uso wake, na namna mpiga picha anavyoupima mwanga huo kabla ya kubonyeza. Ndiyo maana naanza na dhana inayogusa jambo hilo moja kwa moja, kwa kuwa ndiyo inayoharibu picha nyingi kuliko nyingine.

Dhana: filamu haiwatoi vizuri watu weusi

Dhana hii ina historia yake, wala si haki kuipuuza. Kuanzia miaka ya 1950, maabara zilizotumia bidhaa za Kodak zilirekebisha rangi kwa kufuata kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi nyingine zote zikalazimika kufuata kipimo chake. Baadaye filamu ziliboreshwa, na katika miaka ya 1990 zilikuwapo kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali. Filamu za rangi zinazouzwa leo zina uwezo wa kutosha kuonyesha ngozi ya maji ya kunde na ngozi nyeusi tititi pamoja na kila mkunjo na mng'ao wake. Uso ukitoka kama kivuli kisicho na macho wala mashavu, kosa kwa kawaida liko kwenye kipimo cha mwanga.

Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kwa makadirio kwamba mandhari iliyo mbele yake, kwa wastani, ina weupe wa kijivu cha kati. Msimamishe bibi harusi aliyevaa gauni jeupe mbele ya ukuta wa kanisa uliopakwa chokaa, kisha ufuate kipimo hicho bila kufikiri. Kipima mwanga kitaona weupe mwingi, kitakuelekeza upunguze mwanga mpaka weupe huo uwe kijivu, na uso wa bibi harusi utazama gizani pamoja na vito vyake na kazi yote ya msusi.

Tiba yake ni rahisi. Msogelee mhusika hadi sentimita 30 hivi kutoka usoni, hakikisha kivuli chako hakimfuniki, pima uso peke yake, halafu rudi nyuma upige kwa kipimo hichohicho hata kama sindano ya kamera sasa inaonyesha kwamba mwanga umezidi. Kwa ngozi nyeusi utakuwa umezidisha mwanga kwa takriban stopu moja, yaani maradufu, lakini filamu ya negativu ya rangi, yaani ile ambayo mwanga na giza hugeuzwa kisha picha huchapwa kutoka kwake, hustahimili ziada hiyo bila tabu, na sehemu za giza usoni hunufaika. Kwa filamu ya nyeusi na nyeupe mimi hupunguza stopu hiyo moja ili negativu isiwe nzito na yenye chembe nyingi. Filamu ya slaidi, ambayo yenyewe ndiyo picha isiyogeuzwa, haisamehi ziada hata kidogo, hivyo anayejifunza aiache kwanza. Iwapo si adabu kumsogelea mtu kiasi hicho, kwa mfano mzee uliyekutana naye leo hii, pima nyasi mbichi zilizo katika mwanga uleule alioketi yeye, kwa sababu ukijani wake hukaribiana na kijivu ambacho kamera inakitarajia.

Dhana: picha nzuri inahitaji jua la kutosha

Arusha iko karibu nyuzi 3 na nusu tu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua huwa juu sana, na katika miezi ya Machi na Oktoba hufika utosini kabisa. Macho huwa mashimo mawili meusi, pua huangusha kivuli juu ya mdomo, na paji la uso hung'aa kwa jasho. Asubuhi za Juni na Julai, mawingu yanapoufunika Mlima Meru na mji wote ukawa na ubaridi, watu husema siku imeharibika, ilhali mwanga huo uliotawanyika ndio mpole kuliko wote kwa uso wa binadamu.

Asiyeweza kungoja mawingu atafute baraza. Mketishe mhusika ndani kidogo ya ukingo wa kivuli cha paa la bati, uso wake uelekee nje kwenye anga wazi, na sakafu ya saruji au vumbi jeupe lililo mbele yake litarudisha mwanga chini ya kidevu na ndani ya macho. Kwa filamu ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wake wa kupokea mwanga), anza na f/5.6 (ukubwa wa tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) na kasi ya sekunde 1/125, kisha urekebishe kwa kupima. Tahadhari moja ni kwa wanaopiga mashambani, Kibosho, Machame au Marangu: mwanga unaopita kwenye majani ya migomba hupaka ngozi ukijani ambao kwenye filamu ya rangi ni vigumu kuuondoa. Mtoe mtu shambani, au tumia filamu ya nyeusi na nyeupe.

Dhana: bila lenzi ya milimita 85 huwezi

Umbo la uso kwenye picha huamuliwa na umbali kati yako na mtu. Ukisimama sentimita 60 kutoka kwake pua itavimba kwa lenzi yoyote ile. Ukisimama mita mbili uso utatulia, na lenzi ya milimita 50 iliyokuja na kamera inatosha, kwani waweza kupunguza kingo wakati wa kuchapa. Wala usifungue tundu lote kwa kupenda mandhari ya nyuma iliyofifia. Lenzi ya milimita 85 ikiwa f/1.8, umbali wa mita moja na nusu, huacha kina cha takriban sentimita 3 tu kinachoonekana kwa ukali: jicho moja litaonekana vizuri na sikio litapotea.

Dhana: picha 36 za mkanda mmoja ni chache mno

Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, na kwa sababu ya gharama mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu, naye alitumia sana mwanga wa mchana. Watu wake wanatutazama hadi leo kwa heshima kamili. Alichofanya ni kupanga kila kitu kabla: kitambaa cha nyuma, mikono, kichwa kinavyoinama.

Hapa kwetu wazee wengi walizoea picha za studio ambamo mtu alikaa wima bila kucheka. Baada ya shikamoo na marahaba, usimwambie babu atabasamu. Mwache afunge kifungo cha juu cha shati, aweke viganja magotini, akaze shingo, kisha mpige picha hiyo anayoitaka yeye. Hapohapo vuta mkanda bila kuondoa jicho kwenye kamera, kwa sababu akisikia mlio wa shata atashusha pumzi, mabega yatalegea, na uso wake wa kila siku utarudi kwa sekunde moja au mbili. Mwenye kamera ambayo mkanda haujavutwa huikosa sekunde hiyo.

Mengine kwa ufupi

Si kweli kwamba filamu iliyopita muda haifai. Iliyohifadhiwa vibaya ndiyo huharibika zaidi, na joto la Moshi la Januari ndani ya gari lililofungwa ni adui mkubwa. Ihifadhi kwenye friji, na uiache nje saa kadhaa kabla ya kuifungua ili isishike unyevu. Uwanja wa ndege wa KIA au mwingine wowote, omba filamu zikaguliwe kwa mkono, hasa penye mashine mpya za skani.

Wala si lazima maji yawe nyuzi 20 kamili unaposafisha filamu ya nyeusi na nyeupe nyumbani. Kama maji ya bomba yana nyuzi 24, dawa iliyohitaji dakika 10 itahitaji takriban dakika 7. Pima joto, soma jedwali la dawa yako, na uandike ulichofanya. Ukisafishia dukani, sema kabla ya kulipa kwamba unataka negativu zako zirudi, kwa kuwa maduka mengine hukupa picha za skani pekee, na picha ya skani haiwezi kuchapwa upya chumbani gizani.