Seva ya kufuatilia magari ndani ya kampuni: pima njia kabla ya kununua vifaa

Kampuni nyingi za usafirishaji hulipia ufuatiliaji wa magari kila mwezi, kwa kila gari, na kumbukumbu zote za safari hubaki kwa mtoa huduma. Kampuni yenye mtu mmoja anayeifahamu Linux inaweza kuendesha mfumo huo yenyewe. Programu huria inayotumika sana kwa kazi hii ni Traccar. Haina ada ya leseni, ina ramani, ripoti na tahadhari za mwendokasi, na inaelewa itifaki (lugha ambazo vifaa huongea na seva) zaidi ya 200 za vifaa vya GPS, vikiwemo vile vya bei nafuu vinavyouzwa madukani bila jina la maana.

Kusakinisha programu yenyewe ni kazi ya dakika chache. Miradi hii hukwama kwenye njia ya kutoka garini hadi kwenye seva, na mara nyingi tatizo hugundulika vifaa vikiwa vimeshanunuliwa na kufungwa.

Kifaa cha GPS kina laini ya simu ndani yake. Kikishapata mahali kilipo kutoka kwenye satelaiti, kinaingia intaneti na kupeleka taarifa kwenye anwani na poti (namba ya mlango kwenye seva) kilichoelekezwa. Kifaa ndicho kinachoitafuta seva, kwa hiyo seva lazima ifikike kutoka nje ya ofisi. Fungua ukurasa wa ruta, soma anwani ya upande wa intaneti, kisha ilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kuangalia IP. Zikitofautiana, au ile ya ruta ikianza na 10 au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hata ufungue poti zote kwenye ruta, hakuna kitakachoingia. Ruta za 4G ndivyo zilivyo mara nyingi.

Hapo kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuomba anwani ya kudumu ya IP na kuilipia. Ya pili ni kukodi seva ndogo mtandaoni yenye anwani yake, kisha kuiunganisha na seva ya ofisini kwa WireGuard, yaani njia ya siri ya VPN. Ya tatu ni APN binafsi (lango la data lililotengwa) kutoka kampuni ya simu, ambapo laini za magari huingia moja kwa moja kwenye mtandao wa kampuni bila kupita intaneti ya wazi. Hii ya tatu ndiyo salama zaidi, ila kwa magari matano au kumi gharama yake hailipi.

Seva ya kawaida inatosha: kwa magari 40, RAM ya GB 4 na diski ya SSD. UPS iwe ya seva pamoja na ruta na kile kiboksi cha faiba. Ofisi nyingi huilinda seva na kusahau hivyo viwili. Seva ikae kwenye sehemu yake ya mtandao, mbali na kompyuta za uhasibu, kwa sababu itakuwa na mlango ulio wazi kwa dunia nzima. Usakinishaji ni huu:

unzip traccar-linux-64-*.zip
sudo ./traccar.run
sudo systemctl start traccar

Java imo ndani ya kifurushi. Fungua poti 8082 kwenye kivinjari ukiwa ndani ya ofisi, kabla hujaruhusu chochote kutoka nje, kwa sababu katika matoleo ya sasa anayejisajili wa kwanza ndiye anayekuwa msimamizi. Ukishajisajili, zima usajili wa wazi kwenye mipangilio ya seva.

Traccar huja na kanzidata ya H2, inayofaa kwa majaribio tu. Hamia MySQL au PostgreSQL mapema, ukibadilisha faili la /opt/traccar/conf/traccar.xml. Kosa linalowapata wengi hapa ni dogo na linaudhi: anwani ya kanzidata ina alama ya & kati ya vigezo vyake, na kwenye faili la XML alama hiyo lazima iandikwe &. Ukiiandika ilivyo, huduma haiwaki.

Sasa pima njia, bila kununua kifaa hata kimoja. Kwenye Traccar sajili gari la majaribio, utambulisho wake uwe 123456. Kwenye ruta elekeza poti ya TCP 5055 iende kwenye seva. Chukua simu, zima Wi-Fi, tumia data ya laini, kisha fungua:

http://ANWANI-YAKO:5055/?id=123456&lat=-6.8&lon=39.28

Ukurasa mweupe pasipo kosa, na gari likatokea Dar es Salaam kwenye ramani, maana yake njia ni nzima. Kosa namba 400 maana yake umeifikia seva lakini utambulisho haujasajiliwa. Ukurasa ukizunguka hadi ukate tamaa, tatizo liko kwenye ruta, kwenye fayawoli ya seva au kwa mtoa huduma. Usipime kwa Wi-Fi ya ofisi: ruta nyingi haziruhusu kompyuta ya ndani kuifikia seva kwa anwani ya nje, na utahangaika na tatizo lisilokuwepo.

Kila itifaki ina poti yake: GT06 ni 5023, Teltonika 5027, H02 5013. Fungua ile tu unayoitumia. Watu hufungua poti zote kuanzia 5000 "ili zisisumbue", nasi hatulishauri hilo hata kidogo. Itifaki nyingi kati ya hizi hazina nywila wala usimbaji. Anayeijua IMEI (namba ya utambulisho) ya kifaa anaweza kutuma safari za uongo kwa jina la gari lako. Poti ya kanzidata isifunguliwe nje kabisa. Watumiaji waingie kwa HTTPS kupitia nginx (programu ya wavuti inayokaa mbele ya Traccar), na nginx ipangwe kupitisha websocket ya /api/socket, yaani muunganisho unaobaki wazi, la sivyo magari hayatasogea papo hapo kwenye ramani.

Kifaa chenyewe hupangwa kwa meseji. Kabla ya hapo toa PIN kwenye laini. Vifaa vya ukoo wa GT06 hutumiwa amri hizi, kila moja kwa meseji yake:

APN,internet#
SERVER,1,gps.kampuniyako.co.tz,5023,0#
GMT,E,0,0#

Tarakimu 1 baada ya SERVER ni ya jina la kikoa. Ukitumia namba ya IP weka 0. Jina ni bora, kwani ukibadilisha mtoa huduma hutalazimika kuyatumia meseji magari yote. Amri ya GMT huiweka saa ya kifaa kwenye saa ya dunia. Ukiweka saa za Afrika Mashariki, safari zitaonekana zimefanyika saa 3 mbele ya wakati wake. Kwa Teltonika ya aina ya FMB, amri ya setparam isiyo na jina la mtumiaji wala nywila hutanguliwa na nafasi mbili tupu. Ukizisahau, kifaa kinanyamaza tu.

Kifaa kisipoonekana, soma /opt/traccar/logs/tracker-server.log. Kama hakuna mstari wowote wa poti hiyo, taarifa hazifiki: angalia salio, APN na jina la seva. Kama yapo maandishi ya heksi (tarakimu zikichanganyika na herufi a hadi f) lakini hakuna mahali palipotambuliwa, huenda kifaa kinaongea itifaki nyingine. Boksi linaweza kusema TK103 na ndani kukawa na kitu kingine. GT06 huanza na 7878, H02 huanza na 2a4851, na salamu ya kwanza ya Teltonika huanza na 000f. Kihamishie kwenye poti yake na kazi imekwisha. Logi ikisema kifaa hakijulikani, linganisha IMEI iliyo kwenye logi na uliyoandika. Gari likitokea baharini kwenye Ghuba ya Guinea, kifaa kimetuma latitudo 0 na longitudo 0, washa filter.enable na filter.zero kwenye traccar.xml.

Kwa fundi umeme, mambo ni machache. Malori ni ya volti 24, na alternata ikifanya kazi hupanda hadi karibu 28, kwa hiyo soma kiwango cha kifaa na cha relei (swichi ya umeme ya kuzima injini) pia. Fyuzi ikae karibu na betri. Waya wa ACC, unaokijulisha kifaa kama gari limewashwa, uunganishwe kwenye swichi ya gari, la sivyo ripoti za saa za injini hazitakuwa na maana. Relei ya kuzima injini isitumike gari likiwa mwendoni. Breki na usukani hutegemea injini.

Gari likituma kila sekunde 30 kwa saa 10, ni taarifa 1,200 kwa siku. Magari 40 ni mistari 48,000. Kwa laini moja hiyo ni MB chache tu kwa mwezi, kwa hiyo tafuta kifurushi kidogo kisichoisha kila wiki, maana kifurushi kilichoisha hulifanya gari "lipotee" kirahisi kuliko hitilafu yoyote. Ukifuta safari za zamani kwenye jedwali la tc_positions, usiguse mistari inayotajwa na positionid kwenye tc_devices. Ndiyo mahali pa mwisho pa kila gari.

Mfumo huu ni wa usimamizi wa ndani. Kwa Tanzania, hauchukui nafasi ya VTS (mfumo wa kufuatilia mabasi) ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kwa mabasi ya mikoani, wala ya lakiri za kielektroniki za TRA, mamlaka ya mapato, kwa mizigo ya transiti. Tena taarifa za mwendo wa dereva ni taarifa binafsi chini ya sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023: kampuni ijisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na dereva aelezwe kwa maandishi nini kinarekodiwa, kwa muda gani, na nani anakiona. Gari analorudi nalo nyumbani liwekewe utaratibu wake kabla ya siku ya kwanza.