Riseti ya triga kwenye bastola ni nini hasa

Watu wengi wakishika bastola wanaulizia uzito wa triga tu, yaani kile kifyatulio unachovuta kwa kidole, nzito au nyepesi, wakati kitu kitakachowasumbua kwenye risasi ya pili ni riseti. Yaani ukishavuta triga na risasi ikatoka, lazima uiachie irudi mbele mpaka ijishike tena na mfumo wa kufyatulia, na pale inapojishika ndo riseti yenyewe.

Iko hivi, risasi ikitoka slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, inarudi nyuma, inatupa ganda, inakuja mbele na kuingiza risasi nyingine chemba, pale inapokaa tayari kupigwa, na yote hayo yanaisha kidole chako bado kimebana triga. Mbona haipigi tena yenyewe? Kuna kipande kinaitwa diskonekta, hicho kinaitenga triga na kile kilimi kinachoizuia nyundo, na haviungani tena mpaka uachie. Mvuto mmoja, risasi moja.

Kwenye bastola za Glock ni rahisi kuisikia riseti. Toa magazini, kile kibebeo cha risasi, kwanza, halafu kagua chemba kwa macho na kwa kidole, elekeza mtutu pahali salama, vuta triga ushikilie hivohivo, vuta slaidi nyuma uiachie, sasa achia triga polepole sana. Itafika sehemu inagonga "tak" na kidole kinahisi kabisa, na hapo triga bado haijarudi mbele yote, kwa hiyo mvuto unaofuata unakuwa mfupi kuliko ule wa kwanza. Kwenye bastola aina ya 1911 riseti ni fupi zaidi, triga yake inateleza nyuma na mbele badala ya kuzunguka kwenye pini. Zile za dabo aksheni tupu, ambazo kila risasi ina mvuto mrefu, mara nyingi kidole kinarudi karibu mwisho kabisa.

Mimi nilizoea fupi, siku nimeshika ndefu nikipiga haraka nikakwama, navuta na hakuna kitu, nikajua imejam, kumbe sijaachia vya kutosha. Ndo maana nasema fupi sio lazima iwe bora, bora ni ile inayogonga wazi na palepale kila mara, na ukipiga kwa kasi we achia kupita riseti kidogo, usiitafute kwa kunyatia.

Na tafadhali usimpe fundi wa kubahatisha akuchongee ili iwe fupi. Diskonekta ikiliwa vibaya, bastola inaweza kutoa risasi mbili kwa mvuto mmoja.