Je, Wajua Kwa Nini Askari wa Mawe Wamelala Wamekunja Nne?

Ukiingia katika kanisa kongwe la parokia huko Uingereza, hasa la kijijini, huenda ukamkuta mtu wa jiwe amelala chali kando ya ukuta. Amevaa deraya ya pete za chuma kuanzia utosini hadi miguuni, ngao iko ubavuni, upanga kiunoni, na nyayo zake zimemkanyaga simba mdogo aliyejikunyata. Mpaka hapo huna la kuuliza: ni askari wa farasi wa zama za kati, na hilo ndilo kaburi lake. Kinachovuta jicho ni miguu. Mmoja umepitishwa juu ya mwingine, goti juu ya goti, kama mtu aliyejilaza mkekani baada ya mlo wa mchana. Marehemu gani huyu anazikwa amekunja nne?

Kwa miaka mingi jibu nilikuwa nalo, tena la uhakika. Nilipewa na mzee wa kujitolea katika kanisa moja la kijijini, na nikaligawa kwa kila niliyetembea naye baada ya hapo. Miguu iliyopishana, alisema, ni alama ya msalaba: huyu alikwenda kupigana Vita vya Msalaba, zile safari za kijeshi za Wakristo wa Ulaya kuigombea Nchi Takatifu. Kulikuwa na hesabu yake pia. Ikipishana vifundoni, alikwenda mara moja. Magotini, mara mbili. Mapajani, mara tatu. Ni maelezo matamu mno, kwa sababu yanakufanya uingie kanisa lolote na kusoma kaburi lolote bila kujua hata herufi moja ya Kilatini.

Si kweli. Na kwa kuwa nimeisambaza habari hiyo kwa muda mrefu, nadhani ina haki ya kusahihishwa kwa kirefu.

Kwanza, kwa ufupi, sanamu hizi ni nini. Wenye mali waliruhusiwa kuzikwa ndani ya kanisa, na aliyeweza kulipa zaidi aliwekwa karibu zaidi na altare. Juu ya kaburi iliwekwa sanamu ya kulala, ya jiwe au ya mbao ya mwaloni, ikapakwa rangi za kung'aa ambazo leo zimebaki mabaki tu kwenye mikunjo. Wengine walichorwa kwenye bamba la shaba lililopachikwa sakafuni. Kusudi lilikuwa moja: atakayepita amkumbuke marehemu na amwombee.

Sasa tuangalie tarehe. Mji wa Akka, ngome kubwa ya mwisho ya Wakristo wa Ulaya katika Nchi Takatifu, ulianguka mwaka 1291. Ingekuwa miguu iliyopishana ni beji ya waliokwenda huko, beji hiyo ingetoweka pamoja na kizazi cha mwisho kilichokwenda. Lakini nenda kanisa la Westminster Abbey, London, ukamtazame John wa Eltham, mtoto wa Mfalme Edward wa Pili. Alizaliwa mwaka 1316, miaka 25 baada ya Akka kuanguka, akafariki mwaka 1336 akiwa na umri wa miaka 20. Amelala pale katika alabasta nyeupe, aina ya jiwe laini, na miguu imepishana. Katika kanisa la Acton, Suffolk, kuna bamba la shaba la Sir Robert de Bures, ambaye naye miguu yake imepishana. Kwa muda mrefu bamba hilo lilihesabiwa kuwa la mwaka 1302. Siku hizi wataalamu wanalihesabu la 1331, mwaka aliofariki. Mtindo wenyewe ulianza kuenea kwenye nusu ya kwanza ya karne ya 13 na ukaendelea hadi katikati ya karne ya 14. Maana yake karibu nusu ya umri wake ni baada ya safari hizo kwisha.

Pili, jiografia. Vita vya Msalaba havikuwa vya Waingereza peke yao. Wafaransa ndio walioongoza safari nyingi. Mfalme wao Louis wa Tisa alikwenda mara mbili, na ya pili ikamwua Tunis mwaka 1270. Kama pozi hili lingekuwa lugha ya waliobeba msalaba, makaburi ya Ufaransa yangejaa miguu iliyopishana. Hayakujaa. Bara Ulaya sanamu za namna hiyo ni nadra sana. Karibu zote ziko Uingereza, pamoja na Wales na Ireland. Sioni namna ya kuukwepa ushahidi huu. Alama ya vita vya mataifa mengi haiwezi kueleweka kisiwani tu.

Tatu, kuna waliokwenda kweli. Robert Curthose, mtoto wa Mfalme William Mshindi wa Uingereza, alikuwamo katika jeshi lililouteka Yerusalemu mwaka 1099, na sanamu yake ya mwaloni katika Kanisa Kuu la Gloucester imepishanisha miguu. Mwenye kushikilia hadithi atamtaja huyu kwanza. Ila Robert alifariki mwaka 1134, na sanamu ilichongwa kama miaka mia moja baadaye, wakati ambapo mafundi walikuwa wakiwachonga hivyo askari wa kila namna. Miguu yake inatueleza habari za fundi wa karne ya 13 kuliko za safari aliyoianza Robert mwaka 1096.

Watetezi wa hadithi walikuwa na jibu: basi waliobaki nyumbani waliweka nadhiri ya kwenda, au walichangia fedha. Hapo ndipo nilipoachana nayo. Ukishahesabu waliokwenda, waliotaka kwenda na waliochangia wengine waende, hakuna tena mtu wa daraja lile anayebaki nje, na alama iliyo kwa kila mtu haimtambulishi yeyote.

Hadithi ilitoka wapi, basi? Waandishi wapenda mambo ya kale wa karne za 16 na 17 ndio walioieneza. Matengenezo ya Kanisa, yaani Uingereza kuachana na Kanisa Katoliki, yalikuwa yamekata uzi wa kumbukumbu: sala kwa wafu zilikomeshwa, nyumba za watawa zilivunjwa, na aliyeijua maana ya sanamu hakuwapo tena wa kuulizwa. Pale London palikuwa na Temple Church, kanisa la duara lililowekwa wakfu mwaka 1185 na kujengwa na Mashujaa wa Hekalu, lile shirika la watawa wapiganaji. Sakafuni mwake wamelala askari wa mawe, kadhaa wao wamepishanisha miguu. Mtu akaunganisha: kanisa la Mashujaa wa Hekalu, kwa hiyo hawa ni Mashujaa wa Hekalu, kwa hiyo miguu hii ni alama ya Mashujaa wa Hekalu. Lakini mtawa wa shirika lile aliapa kutomiliki kitu. Sanamu ya gharama juu ya kaburi si mazishi yake. Waliochongwa pale ni mabwana wakubwa, wafadhili na marafiki wa shirika, akina William Marshal aliyefariki mwaka 1219, ambaye alikula kiapo cha shirika pale tu alipokuwa mahututi. Na kwenye sakafu ileile, wengine wamelala wamenyoosha miguu.

Tukija kwenye sababu yenyewe, Kiswahili kinatupa mwanzo mzuri. Sisi tunajua kukunja nne ni nini. Mtu akifika mbele ya wazee akaketi na kukunja nne, ameshasema neno kabla ya kufungua kinywa: hapa mimi ni mtu. Mtoto hakunji nne mbele ya babu yake. Wachoraji wa zama za kati walijua jambo lilelile. Katika picha zao mfalme aliyeketi kitini na hakimu anayetoa hukumu mara nyingi huonyeshwa wamepishanisha miguu, huku wanaosimama mbele yao wakiwa wamenyooka. Kwa hiyo pozi la ukubwa lilikuwapo tayari, likimngoja mtu wa kulilaza juu ya jiwe.

Aliyelilaza ni fundi, na nadhani shida yake ya kila siku ndiyo inayoeleza zaidi. Fanya jaribio hili nyumbani. Mlaze mtu chali, mfunike kanga kuanzia kiunoni, mwambie anyooshe miguu. Kanga itatulia kama shuka kwenye kitanda kilichotandikwa. Utaona vilima viwili vya miguu na bonde katikati, basi. Sasa mwambie apitishe mguu wa kulia juu ya wa kushoto. Tazama kanga: inakazwa kwenye nyonga, inateleza kimshazari kupita paja, inajikusanya kati ya magoti, kisha ncha yake inaanguka upande mmoja kwa mawimbi. Mtu ni yuleyule na nguo ni ileile, lakini sasa kuna mistari ya kufuata kwa jicho, na katika kila mkunjo kuna kivuli.

Askari wa karne ya 13 alivaa juu ya deraya yake kanzu ndefu isiyo na mikono, iliyofungwa mshipi kiunoni na kupasuliwa mbele ili aweze kupanda farasi. Kanzu hiyo ndiyo kanga yetu. Kwa fundi ilikuwa nafasi pekee ya kuonyesha mkono wake, maana deraya ya pete, hata uichonge kwa ustadi gani, ni safu za vijiduara zisizokwisha. Akinyoosha miguu ya marehemu, kanzu inalala kama ubao. Akiipishanisha, kanzu inafunguka, goti linajitokeza, na mtu mzima anaonekana kama anageuka. Ndani ya kanisa lenye mwanga hafifu wa mishumaa, mikunjo yenye kina ilionekana kutoka mbali, na mwanga ulipocheza ilionekana kutikisika. Mteja aliyekuja kuagiza sanamu ya baba yake akaona hiyo ya jirani, angetaka ipi?

Kuna sababu ya pili inayotajwa, ya uimara. Miguu miwili iliyochongwa ikatengana ni kama kuni mbili zilizosimamishwa peke yake. Pigo dogo tu na mmoja umekatika. Ukiiegemeza pamoja, unapata gogo moja nene. Kwa jiwe naona ina mantiki, ila siipi uzito mkubwa. Katika kanisa la Danbury, Essex, wapo askari watatu wa mwaloni, na mwaloni haukatiki kirahisi namna hiyo. Bado miguu yao imepishana. Uimara huenda ulisaidia mtindo kudumu. Kuuanzisha, sidhani.

Lazima niseme pia kwamba haya yote tumeyasoma kwenye mawe yenyewe. Mafundi wale hawakuacha maandishi ya kujieleza. Tunachoweza ni kupima maelezo kwa namna mtindo ulivyokufa, na hapo maelezo ya kanzu yanasimama vizuri. Kufikia katikati ya karne ya 14 deraya ya pete ilikuwa imefunikwa na mabamba ya chuma, na ile kanzu ndefu ilikuwa imefupishwa na kubanwa mwilini kama kizibao. Paja likawa bomba, goti likawa bawaba, na nguo ya kukunjamana haikuwapo tena. Kupishanisha mabomba mawili hakuleti mawimbi yoyote. Na kweli miguu ikanyooka. Edward, mtoto wa Mfalme Edward wa Tatu, yule aitwaye Mwana Mfalme Mweusi, aliyefariki mwaka 1376, aliagiza katika wosia wake achongwe akiwa amevaa deraya kamili ya vita. Yuko Canterbury, shaba iliyopakwa dhahabu, amenyooka kama mkuki.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko Much Marcle, kanisa la parokia huko Herefordshire. Pale kuna sanamu ya mwaloni ya Walter de Helyon, ya karne ya 14. Hana deraya wala ngao. Ni raia mwenye mali yake, amevaa kofia ya kitambaa na kanzu fupi ya vifungo, mikono imekutana kifuani kwa sala. Na miguu imepishana. Hakuna aliyemwomba aende Yerusalemu. Alitaka tu kulala kama wanavyolala wakubwa.

Ukipata nafasi ya kwenda kanisa moja tu, nenda Dorchester, Oxfordshire, kwenye abasia ya zamani ambayo sasa ni kanisa la parokia. Askari wa pale ni wa karne ya 13, na jina lake halijathibitishwa. Hakulala kwa utulivu kama wenzake. Mkono wa kulia umekwishashika mpini wa upanga, wa kushoto umekamata ala, bega limeinuka, kiwiliwili kinajipinda kuelekea upande mmoja na miguu upande mwingine. Niliposimama mbele yake mara ya kwanza nilitazama magoti nikahesabu: magotini, mara mbili, nikaridhika nikaondoka. Nilirudi baada ya kujifunza haya niliyoyaandika, nikainama karibu na sakafu. Pindo la kanzu linapita juu ya goti la juu, linazama kati ya miguu, halafu linaanguka kwa mikunjo ambayo kina chake kingemeza kidole. Jiwe pale limechimbwa likawa jembamba kama nguo yenyewe, sehemu ambayo aliyesimama wima hawezi hata kuiona.