Windows 10 haina tena masasisho: anza na kompyuta yenye hesabu zako

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Kesho yake maduka ya Ngamiani yalifunguliwa kama kawaida, kompyuta zikawaka, risiti zikatoka. Ndiyo maana tukipita madukani na maofisini hapa Tanga kutoa elimu, jibu tunalolisikia mno ni moja: "Mbona inafanya kazi?"

Inafanya kazi, ndiyo. Kilichokoma ni kuzibwa kwa matundu. Hakuna mfumo endeshi usio na kasoro. Hugunduliwa kila uchao, na kila mwezi Microsoft hutoa sasisho la kuziziba. Windows 11 ina sehemu nyingi zilizotokana na Windows 10. Sasisho la Windows 11 likitoka, wahalifu hulichambua waone ni tundu gani limezibwa, kisha hulitafuta tundu hilohilo kwenye kompyuta za Windows 10 zisizopata sasisho. Antivirasi inasaidia, lakini haizibi tundu la mfumo wenyewe.

Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili katika kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi zipatazo 150 na kudai malipo. Hospitali za umma Uingereza zililazimika kuahirisha huduma za wagonjwa. Sasisho la kuzuia shambulio lile lilikuwa limetoka Machi, miezi miwili kabla. Miezi miwili tu ya kutosasisha iliwagharimu wale, na kompyuta ya Windows 10 iliyoachwa hivihivi haitasasishwa kabisa.

Wengi hutaka kuanza na kompyuta iliyochakaa zaidi. Nashauri uanze na ile ambayo ikifungwa leo, biashara inasimama. Chukua duka la jumla lenye wateja wa mkopo Muheza, Pangani na Korogwe: madeni yote yako kwenye kompyuta moja nyuma ya kaunta, na kompyuta hiyohiyo ndiyo kijana wa dukani anafungulia WhatsApp na kuchomekea flashi za watu. Hiyo ndiyo ya kwanza. Kwa wakala wa forodha ni ile yenye nyaraka za mizigo ya wateja; kwa famasi au nyumba ya wageni, ile yenye majina, simu na namba za vitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, hata kama duka ni dogo.

Sasa ikague. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha Enter. Utaona ni toleo gani. Halafu soma jina la prosesa. Nyingi za kompyuta zilizotumika tunazouziwa zina Intel, na namba yake inasema mengi: i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8400 ni cha 8, i5-10400 ni cha 10. Windows 11 inahitaji, kwa sehemu kubwa, kizazi cha 8 au zaidi, RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Fundi akikwambia TPM haipo, mwombe aingie kwanza kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta. Mara nyingi ipo ila imezimwa.

Kompyuta ikikidhi vigezo na Windows 10 yake ina leseni halali, kuhamia Windows 11 ni bure. Usikubali windo ya kraki, kwa sababu programu zinazovunja leseni mara nyingi hubeba virusi ndani yake. Kabla ya kuhama, uliza kama programu yako ya hesabu, printa na mfumo wa risiti za EFD vinakubali Windows 11. Ofisi nyingi hukwama hapa. Tumia UPS, maana umeme ukikatika katikati ya zoezi mfumo unaweza kuharibika. Nakili pia data zako zote kwenye diski ya nje, ufungue faili mbili tatu kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zinasomeka, kisha uichomoe. Ikiachwa imechomekwa, kirusi kitaifunga nayo.

Isiyokidhi vigezo nayo ina njia. Kampuni zinaweza kununua masasisho ya ziada: Microsoft ilitangaza dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka hadi mwaka wa tatu. Kwa duka dogo naona fedha hiyo ni bora iende kwenye kompyuta nyingine. Inayotumika kwa barua pepe na kuandika tu inaweza kuwekewa Linux Mint au Ubuntu, mifumo endeshi mingine ambayo ni ya bure. Iliyobanwa na programu ya zamani isiyohama, itoe kwenye intaneti, iwe ya kazi hiyo moja tu, na flashi za wateja zisiiguse. Kagua pia Office: matoleo ya 2016 na 2019 yaliacha kuhudumiwa siku ileile ya Windows 10.

Ukiamua kuiuza ya zamani, mwambie fundi aifute diski yote kwa programu maalumu, au uitoe ubaki nayo. Kufuta mafaili kwa mkono hakutoshi. Mnunuzi mwenye ujuzi kidogo anaweza kuyarudisha, pamoja na orodha ya wadeni wako.